Jahazi kuukuu likigeuzwa malazi, lisitendewe kama nyumba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili tuzungumze na wenye majahazi, pamoja na vikundi vinavyoulizia majahazi kuukuu ya mizigo kwa ajili ya kuyageuza malazi ya vijana wanaojitolea: wanaopanda mikoko, wanaohesabu viota vya kasa, wanaosomesha skuli za visiwani. Fikra ni njema na tunaiunga mkono. Jahazi lililobeba boriti, chokaa na mbata kwa miaka mingi hupata kazi nyengine badala ya kuachwa ufukweni mpaka likageuka kuni. Lakini kazi hiyo mara nyingi huanza kwa kosa moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Chombo hukabidhiwa fundi wa nyumba kabla hakijapita mikononi mwa fundi wa vyombo. Hupigwa saruji ngamani, yaani chini kabisa kwa ndani, huzibwa kwa dari na vioo, hupakwa rangi ya mafuta ndani na nje, kikapendeza machoni. Baada ya masika mawili mbao zake zinabonyea kwa kidole.

Tuchukue mfano wa jahazi la mita 15 kwa urefu na mita 4 na nusu kwa upana, ili hesabu zetu ziwe na pa kusimama. Siku ya kwanza asipime mtu vyumba. Achukue uzi mrefu, bisibisi, nyundo ndogo na tochi. Uzi uvutwe chini ya mkuku, ule mti mrefu ulio uti wa mgongo wa chombo, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kisha ipimwe nafasi baina ya uzi na mkuku kila baada ya mita moja. Chombo kinapokaa kitupu muda mrefu majini, ncha zake mbili, ambazo hazibebwi sana na maji, huinama kwa uzito wao, na katikati hunyanyuliwa. Mkuku ukapinda mgongo. Sentimita mbili au tatu kwa chombo cha urefu huo ni uzee wa kawaida. Zikifika kumi, basi mataruma ya katikati, yaani miti iliyopinda inayoshika mbao kwa ndani, au maungio ya mkuku yamelegea, na hapo hapana budi mgongo unyooshwe kabla ya ubao wowote kubadilishwa. Hunyooshwa kwa kupanga upya magogo na magadi (nguzo za kukiegemeza chombo), kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mbao zikipewa muda wa kurudi mahali pake. Anayebadilisha mbao kwanza anaupigilia misumari ule upindaji, na hautatoka tena.

Bisibisi ina sehemu zake za kuulizia. Ichomwe pale taruma linapokaa juu ya mkuku. Vichwani mwa mataruma, chini ya ukingo wa juu. Kuzunguka mstamu, pale panaposimama mlingoti. Chini ya ncha za mbao za sitaha. Na nyuma ya fashini, mti uliosimama wa tezi. Kote huko ni mahali ambapo maji ya mvua huteremka yakakosa pa kutokea. Watu wengi wanadhani bahari ndiyo inayoozesha jahazi. Sivyo. Ukungu unaokula mbao hauyapendi maji ya chumvi. Unataka maji matamu, joto na hewa iliyotulia. Ndiyo maana jahazi lililokuwa kazini, linalorushiwa mawimbi kila siku, hudumu kuliko lililofungwa gatini likanyeshewa.

Bahari ina mharibifu wake mwengine, yule mdudu anayetoboa mbao. Watu humwita mnyoo, lakini ni jamii ya chaza, mwenye vigamba viwili vidogo kichwani ambavyo ndivyo keekee yake. Huingia akiwa mchanga kupitia tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hunenepa akiwa ndani na kufuata nyuzi za mbao, akiacha njia pana kama kidole iliyopakwa ganda jeupe mithili ya ganda la yai. Kwa nje unaona ubao mzima wenye vitone vichache. Ndiyo maana nyundo inahitajika: mbao nzima hutoa mlio mkavu, iliyoliwa hutoa mlio wa ngoma iliyolegea. Ubao wenye vitone ukatwe kipande utazamwe ndani, usiaminiwe kwa sura.

Baada ya ukaguzi huo jibu la kweli linaweza kuwa kuacha. Mkuku ukiwa umeoza sehemu kubwa, na mataruma zaidi ya nusu hayashiki msumari, rai yetu ni kwamba fedha hizo ziunde chombo kipya, na kile kuukuu kitolewe vipande vizima vya kutumiwa tena. Mkuku ukiwa mzima, mengine yote yanafanyika.

Wakati wa kupandisha ni baada ya masika, kuanzia Juni, mvua zikishakatika, ili kazi ya nje imalizike kabla ya vuli. Chombo kiletwe ufukweni kwa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwani tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hufika karibu mita 4 na ndiyo inayokipandisha bila winchi. Magadi yasipungue sita kila upande, ya mvinje ulionyooka, na chini ya kila gadi uwekwe ubao mpana. Mchanga ukilowa, gadi tupu huzama upande mmoja na chombo chote hulalia huko. Siku hiyo hiyo kipauliwe banda la makuti. Jua la siku ishirini juu ya ubavu usiokuwa na kivuli hufungua mianya kiasi cha kuona mwanga kutoka ndani, na mwenye chombo huona mbao zimekwisha wakati kosa ni lake. Asubuhi na jioni mbao zimwagiwe maji ya bahari.

Mbao za ubavuni zinazotusifia kazi ni mvule na msaji, na nyingi za mvule hutoka Bara. Kwa mataruma tunayo miti yetu: mwembe, mfenesi, na mtondoo, ambao Pemba unajulikana sana. Jambo kubwa katika taruma ni kombo la asili. Tawi lililokua limepinda lina nyuzi zinazofuata pindo lote. Ukilichonga taruma kutoka ubao ulionyooka, nyuzi zinakatwa katikati ya pindo, na hapo ndipo litakapovunjika chombo kikilala ubavu mara ya kwanza. Kwa hiyo fundi aende shamba na vigezo vya mabati au mbao nyembamba, alilinganishe kila tawi kabla halijakatwa. Zamani mataruma mengi yalitoka mikokoni, kwenye mkomafi na mlilana. Leo miti hiyo haikatwi bila ya kibali, na itakuwa jambo la kusikitisha malazi ya wapanda mikoko yakijengwa kwa mikoko ya kuiba.

Ubao mpya usiingizwe mbichi. Upangwe kivulini juu ya vijiti, hewa ipite kila upande, ncha zake zipakwe rangi au nta zisipasuke, na upewe miezi. Mbao mbichi ikipigiliwa ikisha ikakauka hunywea, na pamba uliyoitia mianyani kuzuia maji hubaki ikining'inia. Pale mbao mbili zinapokutana ncha kwa ncha, maungio ya safu moja yasikaribiane na ya safu inayofuata. Yapitwe na mataruma matatu angalau. Ukiunga kwa mshazari, urefu wa mshazari uwe mara nane ya unene: ubao wa inchi moja na nusu unataka mshazari wa inchi 12. Kipande kifupi kilichobandikwa kwa haraka, kinachoishia kwenye taruma lile lile kilipoishia cha juu yake, ni mlango wa maji uliofungwa kwa komeo la uzi.

Sasa misumari. Jahazi letu la mfano lina mataruma kama 40, yakiwa yameachana sentimita 35, na safu 16 za mbao kila ubavu. Kila safu hupigwa misumari miwili kwenye kila taruma. Hiyo ni misumari 2,560 kwa chombo kizima, na hesabu hii ndiyo inayowashitua watu wanapokuja na paketi mbili mkononi. Ng'oa mmoja wa zamani uutazame. Kichwa ni kizima, ncha nayo imebaki. Lakini shingoni, pale ubao unapokutana na taruma, umeliwa mpaka ukawa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ndipo unyevu wa chumvi unapokaa. Kutu hutanuka kuliko chuma iliyotokana nacho, hivyo msumari huvimba, hupasua ubao pembeni mwake, ufa huleta maji, maji huleta kutu zaidi, na mbao inayouzunguka huwa nyeusi na laini. Kwa nje ubao unaonekana umeshikwa, kumbe umeegemezwa tu.

Msumari mpya usirudishwe kwenye tundu la zamani. Tundu hilo lizibwe kwa kijiti cha mti mgumu kilichochovywa sifa (mafuta ya papa), na jipya litobolewe sentimita tatu au nne pembeni. Tutoboe kwanza kwa keekee au mashine, tundu likiwa jembamba kidogo kuliko msumari, milimita 7 kwa msumari wa milimita 8. Bila ya hivyo ubao mkavu wa mvule hupasuka. Chini ya kichwa izungushwe nyuzi ya pamba iliyolowa sifa, izuie maji kufuata shina. Ubao wa inchi moja na nusu na taruma la inchi tatu na nusu hufanya inchi 5, basi msumari uwe wa inchi 6, na inchi moja inayotokeza ndani ipindwe kufuata mwelekeo wa nyuzi za taruma, isikatwe. Ununuliwe msumari uliochovywa katika zinki ya moto, wenye ngozi nene ya kijivu isiyong'aa. Ule unaong'aa kama kioo una zinki nyembamba mno kwa bahari. Tena usichanganye shaba na chuma katika chombo kimoja. Vikikutana majini chuma huliwa upesi, shaba ikabaki salama. Hata chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi hukimbilia kwa sababu kinasifiwa, hakifai kuzikwa ndani ya mbao iliyolowa daima: kinahitaji hewa ili kijilinde, na kikikosa huliwa vishimo vishimo visivyoonekana.

Kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, ndiyo roho ya kazi yote, na hapa tunaomba mhariri atuvumilie. Mwanya mzuri ni ule ambao mbao zimekutana kabisa upande wa ndani, na nje zimeachana kama milimita 3, mfano wa kabari. Pamba husokotwa nyuzi, ikalowekwa sifa au mafuta ya nazi, ikakamuliwa. Fundi huishika kwa mkono wa kushoto pamoja na chembeu (patasi butu ya kukalafati), akaisukuma kwa vikunjo vidogo vidogo mwanyani, asiinyooshe kama kamba. Kikunjo ndicho kinachojaza. Kwanza hupiga kwa wepesi mita moja hivi, kisha hurudi akaikaza, na sikio lake ndilo linalomwambia: mlio wa nyundo hubadilika ukawa mkavu pamba inapotulia. Pamba ibaki chini ya uso wa ubao milimita kadhaa, ipatikane nafasi ya kuifunika. Ikipigwa kidogo itatoka na mawimbi ya kwanza. Ikipigwa kupita kiasi, ile kabari huusukuma ubao utoke kwenye taruma, misumari ikavutika, na wiki ya pili mwanya wa jirani ukafunguka. Pamba ikipenya ikatokeza ndani, basi mwanya ni mpana mno, na dawa yake ni ubao mpya au kipande chembamba cha mbao kilichochongwa kikaingia, si pamba zaidi. Safu 16 mara mita 14 mara mbavu mbili ni kama mita 450 za mianya. Mkadirie pamba ya kilo 15 hadi 20, na mfanye kulia na kushoto kwa zamu, chombo kisisukumwe upande mmoja.

Sababu ya kutumia pamba ni kwamba mbao hunywa maji zikafura. Chombo kikishushwa, ubao hutanuka na kuibana pamba, na pamba nayo hukubali kubanwa. Hilo ndilo ambalo saruji, gundi ngumu za makopo na faiba hazilijui. Ukijaza mwanya kwa kitu kigumu wakati mbao zimekauka, zikifura hazina pa kwenda. Huvunja vichwa vya misumari au hupasua taruma. Ukikivisha chombo kuukuu koti la faiba, mbao hufura na kunywea chini yake mpaka koti linaachana nazo, maji huingia baina yake, hayaonekani wala hayatoki, na chombo huoza ndani ya mfuko. Saruji ya ngamani ni hivyo hivyo: huonekana kavu juu, na chini yake mkuku unaloweka mwaka mzima. Tunaandika kwa msisitizo kwa sababu makosa haya matatu hayatengenezeki kirahisi. Koti la faiba likishang'olewa huondoka na uso wa mbao.

Chini ya mstari wa maji chombo kichomwe na kupakwa deheni, kama kawaida. Maji yakiwa yamekupwa, chombo kikwanguliwe magamba, kiachwe kikauke kidogo, kisha makuti makavu yawashwe na kupitishwa chini yake kwa mkono unaotembea. Moto usisimame: unakusudiwa kumuua mdudu karibu na uso na kukausha, ukikaa mahali pamoja utachoma pamba mianyani. Ndoo za maji na mtu asiyekuwa na kazi nyengine wawe kila upande, na sehemu yenye rangi ya makopo isiguswe na moto, kwa moshi wake na kwa kuwaka kwake. Deheni hupikwa kwa kuyeyusha shahamu ya ng'ombe au mbuzi, ukatia chokaa kilichochekechwa huku ukikoroga mpaka ishike kama uji mzito, na hupakwa kwa kiganja ingali vuguvugu. Juu ya mstari wa maji ni sifa, ambayo harufu yake wageni wataizoea. Jahazi la kulaza watu halisafiri, na chombo kilichosimama ndicho mdudu anachokipenda, kwa hiyo kazi hii irudiwe kila miezi mitatu au minne bila kusubiri dalili.

Kwa rangi kuukuu tahadhari ni moja. Huenda ina madini ya risasi, khasa ile nyekundu ya zamani ya kuzuia kutu. Isikwanguliwe kavu. Ilowanishwe kwanza, watu wafunge pua na mdomo, takataka zake zikusanywe juu ya turubai, na watoto wasicheze hapo.

Tukija kwenye malazi yenyewe, adui ni pumzi. Mtu mmoja aliyelala hutoa karibu robo lita ya maji kwa usiku mmoja, kwa pumzi na jasho. Wanane hutoa lita 2, na kwa mwezi ni lita 60 za maji matamu zinazoganda kwenye mbao ambazo ukungu unazisubiri. Ndiyo maana ubavu wa ndani usifunikwe kwa mbao za dari wala plaiwudi. Vitanda viachane na ubavu sentimita 5, vishikwe na nguzo zake, visipigiliwe kwenye mbao za chombo. Sakafu iwe ya vipande vinavyonyanyuka kwa mkono ili ngama ionekane kila siku. Hewa iingie omo itokee tezi, kwa madirisha ya chandarua yasiyofungwa moja kwa moja hata wakati wa mvua. Vijitundu vilivyo chini ya mataruma, vinavyopitisha maji hadi banduruni, pale yanapotekwa, visafishwe kabla hata kitanda kimoja hakijaingia. Kimoja kikiziba, nyuma yake huwa bwawa. Sitaha iteremke kidogo kuelekea kingoni, sentimita mbili kwa kila mita, na ioshwe kwa maji ya bahari kila jioni. Hilo huzifanya mbao zisipasuke kwa jua, na chumvi huuzuia ukungu. Mwenye kuiosha kwa maji ya bomba ili ing'ae anaiharibu.

Kila chumba kiwe na njia mbili za kutokea, ya pili ikiwa mlango wa sitahani usiopungua sentimita 60 kwa 60, unaofunguka kwa ndani na kwa nje, na ngazi yake iwe imekwisha fungwa. Mtungi wa gesi usiingizwe ndani hata siku moja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka ngamani ikakaa kimya mpaka mtu awashe taa au bomba. Jiko liwe sitahani au nchi kavu.

Jahazi la mizigo liliundwa liwe na uzito chini. Malazi huleta uzito juu: paa, watu wamekaa sitahani, tangi la maji limewekwa juu ili maji yashuke yenyewe. Sisi wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa uzito kupita kiasi hufanya nini. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya abiria MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi. Farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, irudishwe chini. Yawe mawe magumu yaliyooshwa au matofali ya saruji yaliyokwisha kauka, yamepangwa juu ya vijiti na si juu ya ubao wa chombo, yafungwe yasiteleze, na yaweze kutolewa. Mchanga hauna faida, huziba banduru na bomba. Watu wanane kwa lita 20 kila mmoja hutumia lita 160 kwa siku; matangi mawili ya lita 250, moja kila upande, chini kabisa, yasiyounganishwa, yanatosha siku tatu. Tangi moja la lita 1,000 ni tani nzima, na likiwa nusu maji hukimbilia upande chombo kinapoinamia. Mlingoti usiondolewe ingawa tanga halitumiki. Chombo kisicho na mlingoti huyumba kwa haraka na kwa mkato, na waliolala hawapumziki. Ishushwe foromali tu, ule mti unaobeba tanga. Kipimo chepesi ni timazi: ning'iniza uzi wa mita 2 katikati, watu kumi wasogee kutoka katikati hadi ukingoni, na wekeni alama pale uzito wa timazi ulipofika. Ukisogea sana, au ukichelewa kurudi, ongezeni farumi au punguzeni juu. Kipimo hicho hakiondoi ukaguzi rasmi. Kabla ya mtu wa kwanza kulala chombo kikaguliwe na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na idadi ya watu iandikwe mlangoni.

Umeme wa jua unatosha. Taa nane za wati 3 kwa saa tano, simu, na bomba la ngama vinaweza kwenda kwa paneli ya wati 200 na betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100, mradi isitumiwe zaidi ya nusu kwa usiku. Bomba la umeme liwe na mwenzake wa mkono, kwani betri hufa usiku wa mvua, usiku ule ule unaolihitaji. Choo cha kumwaga baharini hakifai juu ya matumbawe. Wekeni ndoo ya makumbi yaliyosagwa, haja ndogo itengwe, na vyote viteremshwe nchi kavu.

Kutia nanga pia kumepuuzwa. Kina kipimwe maji ya bamvua yakiwa yamejaa. Mahali penye mita 3 maji yakipwa patakuwa na mita 7 yakijaa, na mnyororo mara tano ya hapo ni mita 35. Bonge la saruji la tani moja likizama hubaki na uzito usiofika kilo 600, kwa hiyo asijidanganye mtu kwa tani zake za nchi kavu. Liwekwe kwenye mchanga, si juu ya matumbawe wala nyasi za bahari.

Vijana wanaojitolea wanaweza kusaidia mengi: kusokota pamba, kukwangua magamba, kuchekecha chokaa, kushona vyandarua, kupaka sifa. Tezo na chembeu viachwe mikononi mwa mafundi, na kila fundi apewe kijana wa mtaa anayejifunza kwa malipo. Nungwi, Mkokotoni na Wete mafundi wangalipo, lakini wengi ni watu wazima, na fedha za kazi hii zikiishia kwenye faiba na plaiwudi, hawatapata wa kumwachia chembeu.

Mwisho ni kushusha. Chombo kiingizwe maji kwa bamvua, kikiwa bado na magadi pembeni, na kiachwe kielee bila ya watu wala magodoro kwa wiki moja. Siku mbili za mwanzo kitavuja kila mahali. Pampu zifanye kazi na asiogope mtu, wala asikimbilie kutia pamba zaidi. Ndoo zinazotolewa zihesabiwe asubuhi na jioni na kuandikwa daftarini. Zikitoka 40 zikawa 15, kisha 4, mbao zinafura na chombo kinajifunga. Zikibaki 15 hadi siku ya tano, kuna mwanya au msumari uliosahaulika, na utautafuta kwa tochi ngamani ukianzia pale maji yanapotiririka kwa mstari mwembamba unaong'aa. Daftari hilo liendelee hata watu wakishahamia. Ndoo 4 kila siku mwaka mzima hazina neno. Ndoo 4 zikawa 9 bila ya mvua wala dhoruba, watu walale nchi kavu usiku huo na fundi aitwe.

Wako,
Mafundi wa vyombo vya mbao,
Unguja Kaskazini.